Uliza Fundi: Kompyuta ni yangu, mbona inanikatalia?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, watu wamefungiwa nje ya kompyuta zao wenyewe. Kuna aliyeandika "nywila", safi kabisa, wengine wote wameandika paswedi, na mi nitabaki na paswedi maana ndo neno linalotutoka tukiwa tumekasirika. Barua zilizofanana nimezichanganya, kwa hiyo ukiona swali linakaribiana na lako lakini si lako sawasawa, usinune, jibu ni hilohilo.

Fundi habari za kazi. Nina laptopu ya nyumbani ya Windows 11. Wiki iliyopita nilipata meseji kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yangu ya Microsoft, ileile ninayoingilia kwenye laptopu, nikabadilisha paswedi palepale kwenye simu. Toka siku hiyo laptopu haikubali, nikiweka mpya inasema nimekosea. Fundi wa karibu kanambia dawa ni kupiga Windows upya, lakini humo ndani kuna picha za wanangu toka wanazaliwa na sijawahi kuzihifadhi popote pengine. Naomba msaada. – Mama wa wawili

Dada yangu, kwanza usimpe mtu yeyote hiyo laptopu aipige Windows. Kupiga Windows upya kunakurudishia kompyuta, picha haikurudishii, na wewe unacholilia hapa ni picha.

Sasa nijibu kitu kimoja, ile paswedi uliibadilishia wapi? Kama ulibonyeza linki iliyokuja ndani ya meseji, kuna uwezekano mkubwa hukubadilisha kitu chochote. Wezi wanatengeneza ukurasa unaofanana na ule halisi, unaweka paswedi ya zamani, unaweka na mpya, wanakushukuru, basi. Akaunti yako bado ina paswedi ileile ya zamani ila sa hivi mnaijua wawili. Kwa hiyo kaa kwenye laptopu ujaribu ile ya zamani, ikikubali, ingia kwenye akaunti yako haraka kwa kuandika anwani mwenyewe, siyo kwa linki, uibadilishe kikweli na uangalie namba ya simu na imeili ya akiba zilizoandikwa humo bado ni zako.

Kama uliibadilisha mahali halali, basi tatizo lako huenda ni dogo mpaka utacheka. Laptopu haina habari ya kilichofanyika kwenye simu mpaka iingie intaneti. Ikiwa haijaunganishwa inaendelea kukumbuka paswedi ya mwisho iliyotumika hapo, yaani ya zamani. Angalia kona ya chini kulia kwenye ile skrini ya kuingilia, kuna alama ya mtandao, bonyeza uiunge na waifai au na simu yako, subiri kidogo, alafu ndo uweke mpya. Nimeshakaa na mtu mzima analia kwa hili jambo na dawa yake ilikuwa ni waifai tu.

Bado inakataa? Bonyeza kile kialama cha jicho mwisho wa sehemu ya kuandikia, na ushikilie, uone unachoandika. Usidharau hili. Siku moja mzee mmoja aliniletea kilaptopu kidogo, zile zisizo na sehemu ya namba pembeni, kaapa kwamba paswedi ni hiyohiyo toka mwaka juzi na wala hajaigusa. Ilikuwa inaanza na "juma". Nikashikilia jicho, nikaona imeandikwa 140a. Mtoto alikuwa amewasha ile NumLock, na kwenye kibodi za namna hiyo herufi za upande wa kulia zinageuka namba, J inakuwa 1, U inakuwa 4, M inakuwa 0, K ni 2, L ni 3. Ukiangalia vidoti huoni kitu, vidoti vinne ni vidoti vinne. Tulizima NumLock akaingia, akaondoka hata hajaniaga vizuri kwa aibu.

Ndugu yake NumLock ni lugha ya kibodi. Chini kulia pameandikwa herufi kama ENG, ikiwa imeruka kutoka kibodi ya Marekani kwenda ya Uingereza, alama ya @ na zile alama za kunukuu zinabadilishana nafasi, na kama imeenda kwenye ya Kifaransa ndo balaa, A na Q zimebadilishana, Z na W zimebadilishana. Paswedi yenye @ katikati ndo inayoumia zaidi. Na usipige tu ovyo ovyo, Windows 11 za karibuni ukikosea mara 10 zinakufungia dakika 10, watu wanadhani imeharibika kumbe imenuna tu.

Hivyo vyote vikishindikana ndo unaenda kwenye kubadilisha upya. Tumia simu au kompyuta nyingine, fungua account.live.com/password/reset, andika imeili ya hiyo akaunti, watakutumia kodi, yaani namba ya kuthibitisha, kwenye simu au imeili uliyosajili. Kama namba ulishaitupa na imeili ya akiba huikumbuki, kuna fomu ya kuthibitisha kwamba akaunti ni yako, wanakuuliza vitu kama paswedi za zamani na imeili ulizotuma, ijaze kwa utulivu ukiwa kwenye mtandao uliouzoea, majibu kwa kawaida yanakuja ndani ya saa 24. Ila fomu hiyo haifanyi kazi kama uliwasha ule uthibitisho wa hatua mbili. Na ukibadilisha taarifa zako zote za usalama kwa mpigo, kuna kusubiri siku 30. Siku 30 ni nyingi, najua, lakini picha za watoto toka kuzaliwa zinavumilika siku 30.

Alafu kabla ya yote hayo, ingia kwenye simu yako sehemu inayotunza paswedi, iwe ya Google au ya Apple. Mara nyingi siku ulipoingia Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft, kwenye simu ilikuuliza ihifadhi na wewe ukakubali bila kusoma, sote tunafanya hivyo, na leo ndo siku ya kufaidi.

Mi shida yangu si paswedi ni PIN. Nimeisahau na sasa inanambia niandike A1B2C3 sijui ndo nini, virusi? – Mwenye haraka

Siyo virusi. Ukikosea PIN mara kadhaa Windows inataka kuhakikisha kwamba kibodi haijichapi yenyewe na hujaegemea kitabu juu yake, kwa hiyo inakwambia andika A1B2C3 kuthibitisha upo. Andika tu, itakurudisha kwenye kujaribu.

PIN inakaa ndani ya kompyuta hiyohiyo, haiendi kwenye intaneti, ndo maana PIN ya laptopu moja haifungui nyingine hata kama akaunti ni moja. Chini ya kisanduku kuna maneno ya kusema umesahau PIN, bonyeza ukiwa umeunganishwa na mtandao, weka paswedi ya akaunti ya Microsoft, itakupa uweke PIN mpya. Ikiwa paswedi nayo huijui, soma jibu la dada hapo juu. Watu wengi wametumia PIN miaka mitatu mfululizo mpaka paswedi yenyewe imefutika kichwani, hata sikulaumu.

Fundi, kompyuta yetu ni ya mezani, Windows 10, hatukuwahi kuweka imeili yoyote, ni jina na paswedi tu. Kijana wangu aliyeiweka paswedi ameisahau na anaapa hakuandika popote. Kuna njia? – Baba mwenye nyumba

Mzee shikamoo. Hii inaitwa akaunti ya ndani, haina uhusiano na imeili wala Microsoft hawana cha kukusaidia kwa mbali, kila kitu kipo hapo mezani kwenu.

Andika paswedi yoyote ya uongo ubonyeze kuingia. Ikikataa, angalia chini yake, kama paswedi iliwekwa kwenye Windows 10 ya mwaka 2018 kuendelea kuna uwezekano mkubwa yakatokea maneno ya kubadilisha paswedi, na yataleta maswali matatu kama jina la mnyama wako wa kwanza au mji waliokutana wazazi. Muite kijana akae hapo, maana yeye ndo aliyajibu, na mwambie akumbuke alivyokuwa anaandika wakati ule siyo ukweli ulivyo. Wapo vijana maswali yote matatu wamejibu "aaa".

Pili, kuna jina la mtu mwingine pale kona ya chini kushoto? Kama mama au mdogo wake ana akaunti yake humo na hiyo akaunti ni ya msimamizi, mwambie aingie, aende kwenye paneli ya kudhibiti (Control Panel) sehemu ya akaunti za watumiaji, ampangie kijana paswedi mpya. Dakika mbili. Ila ujue gharama yake, ukilazimisha paswedi kwa njia hii, zile paswedi za tovuti zilizohifadhiwa ndani ya akaunti ya kijana huwa zinapotea, na mafaili aliyoyafunga mwenyewe kwa ule ufungaji wa Windows hayatafunguka tena. Picha na nyaraka za kawaida hazidhuriki.

Tatu, tafuteni kwenye droo za flashi. Zamani Windows ilikuwa na kitu cha kutengeneza flashi ya kurudishia paswedi, ndani yake kuna kafaili kadogo kanaitwa userkey.psw. Wachache sana waliwahi kutengeneza, lakini mtu asiyetafuta hapati.

Hamna hata kimoja? Basi tenganisha mambo mawili, mzee wangu, mafaili na kompyuta. Tuokoe mafaili kwanza. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, kwenye kompyuta ya jirani ishushe Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kutoka tovuti yao wenyewe, ni bure, uiandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Chomeka kwenye kompyuta yenu, washa huku ukibonyeza kile kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kuna zinazotumia F12, kuna Esc, kuna F2, inategemea aliyeitengeneza, mara nyingi wanaandika kwa sekunde moja chini ya nembo kwa hiyo kaza macho. Ikiuliza, chagua kujaribu Ubuntu, SIYO kuisakinisha, hapo naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona mtu amebonyeza kusakinisha na diski nzima ikaenda. Ikiwaka fungua sehemu ya mafaili, utaiona diski ya Windows pembeni, ndani kuna folda ya Users, ndani yake majina yenu, na humo picha na nyaraka. Nakili kwenda kwenye diski ya nje. Usifute kitu, usihamishe, nakili tu.

Ukishaona nakala zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, zifungue kweli kweli moja moja chache, usiangalie idadi tu, hapo ndo unaweza kupiga Windows upya kwa amani. Kwenye ile skrini ya kuingilia bonyeza alama ya kuzimia, shikilia Shift huku unachagua kuwasha upya, itakupeleka kwenye skrini ya bluu ya matengenezo, humo kuna kuirudisha kompyuta ilivyokuwa mwanzo na kufuta kila kitu. Na kwa kuwa Windows 10 ilimaliza huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kama mashine inaiweza Windows 11 basi hapo ndo pa kuhamia.

Utakutana na watu wa kukwambia washa kwa seifu modi, ile hali ya kuwasha kwa matengenezo, kuna msimamizi wa siri asiye na paswedi. Hiyo ilikuwa Windows XP, ile ya mwaka 2001, na ilikuwa kweli kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Siku hizi huyo msimamizi amezimwa toka kiwandani. Ushauri wa kompyuta haufi, unazunguka tu miaka ishirini.

Mimi nilifuata njia ya flashi ya Ubuntu, diski naiona lakini inaniomba ufunguo. Nikizima nikawasha kawaida inaleta skrini ya bluu inataka namba 48. Namba 48!! Nazitoa wapi? – Niliyechoka

Pole sana, hapo umekutana na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Laptopu nyingi za siku hizi, siku ile ya kwanza unapoingia na akaunti ya Microsoft, diski inajifunga yenyewe kimya kimya, na toka toleo la 24H2 la Windows 11 hali hiyo imekuwa ya kawaida zaidi kwa kompyuta mpya. Ukifungua diski kwa njia isiyo ya kawaida, au ukibadilisha mipangilio ya kuwakia kama ulivyofanya ili flashi iwake, inashtuka inataka ufunguo wa akiba, ndo hizo tarakimu 48.

Habari njema ni kwamba ilipojifunga, nakala ya ufunguo iliipeleka kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mara ya kwanza. Chukua simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia. Utakuta orodha, inaweza kuwa na kompyuta zaidi ya moja, na kila moja ina kitambulisho. Pale kwenye skrini ya bluu nayo ina kitambulisho, linganisha herufi na namba 8 za mwanzo, zikifanana ndo ufunguo wako huo. Andika kwa makundi ya tarakimu sita sita, makundi manane, mtu mmoja asome na mwingine achape maana peke yako utaruka mstari.

Ikiwa akaunti haina kitu, jiulize nani aliiwasha siku ya kwanza. Ndugu? Ofisi? Duka? Kama laptopu ni ya kazi ufunguo huwa uko kwa watu wa kompyuta wa kazini. Na kama kweli ufunguo haupo popote, hapo hakuna fundi, hakuna programu ya kununua, wala kijana mwenye kofia wa kwenye video. Anayekwambia anaweza kuifungua BitLocker bila ufunguo wowote kwa malipo, mwambie aifungue kwanza alafu mtaongea hela.

Kwani kompyuta si inaijua paswedi yangu? Kwa nini isinionyeshe tu baada ya kuthibitisha mimi ni mimi, badala ya kunilazimisha niweke mpya? – Mdadisi

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni kwamba haiijui. Unapoweka paswedi kompyuta inaisaga kwa hesabu fulani, kinatoka kitu kama unga, inahifadhi unga. Kesho ukiandika paswedi inaisaga tena na kulinganisha unga na unga. Kutoka unga kurudi kwenye punje haiwezekani, kinachowezekana ni kusaga punje nyingine nyingi ukitafuta inayotoa unga uleule, na hivyo ndivyo wezi wanavyofanya kwa paswedi fupi fupi.

Zamani haikuwa hivyo. Pale chuo cha MIT Marekani kwenye miaka ya 1960 walikuwa na kompyuta ya kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, CTSS, iliyosimamiwa na Fernando Corbató, na paswedi zilikaa kwenye faili kama zilivyo. Mwaka 1962 mwanafunzi wa pale, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine, akaiomba ilichape lile faili, ikachapa, akapata paswedi za wenzake. Alafu mwaka 1966 yakatokea makubwa zaidi, mafaili mawili yalipishana ndani ya mtambo na kila aliyeingia siku hiyo, badala ya kukutana na tangazo la siku, alikutana na orodha nzima ya paswedi za watu wote. Kwa hiyo kompyuta inapokataa kukuonyesha paswedi yako, ina sababu zake.

Natumia Mac. Nimesahau paswedi na kila nikisoma msaada ni wa Windows tu, sisi si watu? – Mpweke

Ni watu, mpo wachache tu. Jaribu kuingia mara tatu hivi ukikosea, itatokea alama ya kuuliza au maneno ya kuiwasha upya kwa ajili ya kubadilisha paswedi, ifuate, itataka akaunti yako ya Apple. Isipotokea, zima. Kama Mac yako ni ya chipu za Apple zenyewe, M1 kuendelea, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka yaje maneno ya machaguo ya kuwashia. Kama ni ya Intel, washa huku umeshikilia Command na R. Ukifika kwenye sehemu ya uokoaji fungua Terminal, ile sehemu ya kuandikia amri, kule kwenye menyu ya juu, andika resetpassword yote pamoja bila nafasi, gonga Enter, litakuja dirisha la kukuongoza.

Kama uliwasha FileVault, kufuli ya diski ya Mac, na ukachagua kuandika ufunguo wa akiba, ni herufi na namba zilizokatwa kwa makundi ya nne nne, utafute huo. Bila huo na bila akaunti ya Apple, kinachobaki ni kufuta, na hata ukifuta bado itakuuliza akaunti ya mwenyewe kama ile kufuli ya kutafutia kifaa ilikuwa imewashwa. Ukiingia kwa paswedi mpya usishangae ile pochi ya kutunzia paswedi zako za zamani (Keychain) haifunguki, ilifungwa na paswedi uliyosahau, mfumo utakutengenezea nyingine tupu. Ya zamani usiifute. Watu hukumbuka paswedi baada ya wiki mbili wakiwa wanaosha vyombo.

Laptopu ya zamani, hata Windows haifiki, ikiwaka tu inaomba paswedi kwenye skrini nyeusi. – Mnunuzi wa mtumba

Hiyo ni paswedi ya BIOS, iko chini kabisa kabla ya Windows. Kompyuta nyingi za mezani za zamani ukizima, ukachomoa umeme na kutoa kile kibetri cha duara, CR2032, kwa dakika kadhaa, inasahau. Laptopu nyingi hazisahau kwa betri, zimeiandika kwenye chipu ya kudumu, na njia halali ni kwenda kwa mtengenezaji na risiti yako. Huna risiti? Basi rudi kwa aliyekuuzia umuulize yeye aliipata wapi, na umuulize mapema.

Fundi nataka kuingia kwenye laptopu ya mume wangu bila yeye kujua. – Usiniweke jina

Hapana, dada. Hiyo si ya fundi.

Baba yetu amefariki miezi miwili iliyopita. Kompyuta yake ina nyaraka za familia na hesabu zake zote, na hakuna anayejua paswedi. Ndugu tumekubaliana mimi nishughulikie. Sitaki kuharibu kitu. – Mtoto wake wa kwanza

Poleni sana, Mungu ampumzishe. Na umefanya vizuri kuandika kabla ya kugusa.

Hapa usianze na kompyuta, anza na karatasi. Wazee wetu wengi hawakuamini kichwa chao, waliandika. Angalia daftari la simu, kurasa za mwisho za diari, nyuma ya kalenda, ndani ya pochi, kwenye boksi la kompyuta yenyewe, chini ya kibodi. Ukikuta neno lisilo na maana lenye namba mwishoni, mara nyingi ndilo. Liandike lilivyo, herufi kubwa zibaki kubwa, na kama mwisho una namba ya mwaka jaribu na miaka iliyofuata, maana watu wakilazimishwa kubadilisha paswedi hubadilisha namba ya mwisho tu. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2017 ilishauri watu waache kulazimishwa kubadilisha paswedi kila baada ya muda, kwa sababu watu wakilazimishwa huishia kwenye vijanja kama hivyo.

Usipopata, soma jibu la baba mwenye nyumba hapo juu, njia ya flashi, kunakili bila kugusa. Au kama mikono inatetemeka, na si aibu, mpe fundi unayemwamini atoe diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya, wewe ukiwa umekaa pale unaangalia, na umwambie mapema kabisa kwamba hutaki Windows mpya unataka mafaili. Ikionekana diski imefungwa kwa BitLocker, kinachohitajika ni akaunti yake ya Microsoft, na kuirudisha akaunti kunahitaji simu yake. Kama alikuwa mtu wa Apple angalia kama alimteua mrithi wa akaunti, kitu hicho kipo toka Desemba 2021, mrithi anakuwa na ufunguo wake na anaambatanisha cheti cha kifo, anapata picha na nyaraka za iCloud, paswedi zilizohifadhiwa hapati.

Usipige namba yoyote ya simu utakayoiona kwenye matangazo ya kutafuta msaada wa paswedi, wengi wao ni matapeli na kilio cha msiba wanakisikia kwenye sauti yako.

Na laini yake ya simu isifungwe kwanza. Najua kwenye mambo ya mirathi mtu atasema tufunge laini ya marehemu, isije ikatumiwa vibaya, mwambieni asubiri, iendelee kuwekwa salio isije ikakatwa, na simu yenyewe iwe na chaji, kwa sababu ile kodi ya kufungulia akaunti itatumwa kwenye namba ile.